Lori la Nne

Kufikia Jumanne asubuhi, mkamwana wa Fundi Miwani alikuwa ameshalala mahabusu siku tatu, na maelezo yake hayakuwa yamebadilika hata nukta. Hilo ndilo lililomkosesha Inspekta usingizi. Waongo aliowazoea huongeza chumvi kila wanapoulizwa upya. Huyu mama alirudia maneno yaleyale kumi na mawili, kisha akatazama mikono yake.

Kituoni walimwita Inspekta kwa jina la Pasi, maana alikuwa hachoki kupita palepale alipokwisha kupita, mpaka kunjo la mwisho liondoke. Mkuu wake hakuwa na subira ya namna hiyo. Alimwambia kwamba saa kumi jioni jalada liwe mezani na mashtaka ya mauaji yawe ndani yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi, siku ya gwaride la muziki, malori kumi na mawili yaliyobeba spika na madijei yalipita taratibu barabara ya ufukweni, kutoka darajani hadi bandari ya zamani. Hakuna kiingilio, hakuna tiketi, anayetaka anacheza. Joto lilikuwa la kuunguza, na kwenye kona zimamoto waliwamwagia watu maji kwa mpira. Saa kumi na moja kasoro dakika tano, mkamwana alipiga simu kusema baba mkwe wake amelala chini ya ngazi za stoo, hapumui.

Nyumba ilikuwa ya Fundi Miwani mwenyewe: duka chini, stoo chini yake zaidi, vyumba vya kulala katikati, jiko juu kabisa. Daktari alikuta alama za vidole kwenye mikono yote miwili, juu ya viwiko. Mzee alishikwa, akasukumwa. Damu ilivujia ndani ya kichwa polepole, kwa hiyo hakufa papo hapo. Aliishi nusu saa, labda na zaidi kidogo.

Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: ya mzee, ya mkamwana, na ya mpwa wa mzee, mtoto wa dada yake, ambaye aliondoka nyumbani hapo mwaka jana akapanga chumba karibu na kivuko anakofanya kazi ya kukatia abiria tiketi. Mkono wa gauni la mkamwana ulikuwa na damu. Jirani alisema siku ya Ijumaa aliwasikia yeye na mzee wakijibizana. Tena palikuwa na yale maneno yake: alikuwa jikoni, akamsikia mzee akizungumza na mtu dukani, maneno hakuyashika, baadaye akateremka akamkuta chini.

"Amsikie kutoka ghorofa ya juu," mkuu alisema, "na mlangoni kuna lori lenye spika ishirini na nne? Mimi nilikuwa ng'ambo ya maji na vikombe vyangu vilikuwa vinacheza kabatini."

Inspekta hakubisha. Jumapili alikuwa amemsimamisha koplo wake dukani, akapanda mwenyewe jikoni, akamwambia asome gazeti kwa sauti ya kawaida. Ngazi za nyumba ile zilikuwa kama bomba. Neno likitamkwa chini lilifika juu likiwa zima. Alimsikia koplo akisoma bei ya saruji. Lakini Jumapili barabara ilikuwa kimya. Jumamosi haikuwa kimya.

Mpwa, kwa upande wake, alikuwa na ushahidi uliompendeza kila mtu. Alisema alifuata lori la nne kwa miguu kutoka darajani hadi bandari ya zamani, na hakuliacha hata hatua kumi. Hakuwa na shahidi anayemjua, maana katika umati ule nani anamjua nani. Ila alizitaja nyimbo zote zilizopigwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anayesoma majina ya ndugu zake. Koplo, ambaye ndiye pekee kituoni aliyeupenda muziki ule, alikuwa na rekodi ya lori la nne kwenye simu. Dijei aliisambaza jioni ileile. Koplo aliisikiliza yote na kuulinganisha mpangilio. Haukukosewa hata wimbo mmoja.

"Afande, huyu alikuwepo," koplo alisema. "Hata ule wa mwanamke anayehesabu kurudi nyuma ameuweka mahali pake. Huwezi kubahatisha."

Inspekta aliiomba simu. Hakusikiliza muziki, alitazama tarakimu zilizo chini ya kioo. Urefu wa rekodi ulikuwa saa mbili na dakika saba. Akafungua daftari la wasimamizi wa gwaride, lililoletwa Jumatatu na ambalo hakuna aliyelijali, akafuata mstari wa lori la nne kwa kidole. Liliondoka darajani saa tisa kamili. Lilifika bandari ya zamani saa kumi na moja na robo.

Alimuuliza koplo hizo ni dakika ngapi. Koplo akahesabu: mia moja thelathini na tano.

"Na rekodi?"

"Mia moja ishirini na saba." Koplo akakuna kisogo. Alisema huenda dijei alichelewa kuanza, au aliwahi kumaliza. Inspekta akamwambia arudishe mwanzo. Sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya msimamizi akilihesabia lori lianze, na ya mwisho ilikuwa honi ya lori likiegeshwa. Dakika nane hazikuwa mwanzoni wala mwishoni. Zilipotea katikati.

Wakaenda gereji.

Malori yalikuwa bado pale, yamevuliwa mapambo, karatasi za rangi zimenata kwenye matairi. Fundi wa jenereta wa lori la nne alikuwa mtu mnene mwenye miguu myepesi, naye alianza kuwaonea shaka kabla hata hawajajitambulisha. Alijibu kila swali huku akifuta mikono kwa tambara, na mikono ilikuwa safi. Jenereta ilifanya kazi vizuri? Vizuri sana. Siku nzima? Siku nzima. Hakuna hitilafu? Hakuna hata chembe; yeye mashine zake anazilea kama mama.

Koplo alitaka kumbana. Inspekta alimfanyia ishara atulie, akaizunguka jenereta mara ya kwanza, akaizunguka mara ya pili. Kila kitu kilikuwa cheusi kwa moshi na mafuta ya siku nyingi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinang'aa: chujio la dizeli.

"Hili lina siku ngapi?"

Fundi alilitazama chujio kana kwamba limemsaliti.

"Sikiliza," Inspekta alimwambia. "Mimi sikutumwa na tajiri wako. Nina mama wa watu mahabusu. Jioni ya leo ataandikiwa kesi ya kuua."

Fundi akaweka tambara chini. Akasimulia kwa sauti ya chini, akichungulia mlango wa ofisi mara kwa mara. Chujio la zamani lilikuwa limejaa uchafu, naye alijua, ila akajipa moyo kwamba litavuka siku moja. Halikuvuka. Jenereta ilikohoa mara mbili ikazima, na lori zima likafa: spika, taa, feni ya dijei. Alipiga simu kwa mwenzake wa lori la tano amletee chujio la akiba. Ilipowaka tena alimwangukia dijei miguuni asimseme kwa tajiri, maana kwa uzembe ule angefukuzwa. Dijei, mwenye roho nzuri, akakata sehemu ile kwenye rekodi na kuziunga ncha mbili. Aliyeisikiliza asingejua.

Inspekta aliomba kuiona simu yake. Simu aliyompigia mwenzake ilikuwa ya saa kumi na dakika ishirini na moja. Ya kumshukuru ilikuwa ya kumi na ishirini na tisa.

"Na malori mengine? Sauti yao haikufika?"

Fundi alisema la tatu lilikuwa limeshapita kona, la tano lilisimamishwa mbali nyuma ili watu wasibanane. Mwanzoni watu walipiga miluzi. Kisha wakaimba kidogo, wakachoka. Baadaye wakasimama tu, wanajipepea, wanangoja. "Mtoto angelia ghorofani ungemsikia."

"Lori lilikuwa limesimama wapi?"

"Pale penye duka lenye miwani kubwa ya bati juu ya mlango. Niliikodolea macho dakika zote nane, afande. Nilikuwa namuomba Mungu."

Garini koplo aliiweka tena rekodi, akasikiliza. Kisha akasema, kama mtu anayejisuta, kwamba ameisikiliza rekodi ile mara sita na hakusikia mshono. Inspekta alimwambia kwamba hata mpwa hakuusikia. Lakini alimwonya asishangilie mapema. Mtu huweza kuongopa alikokuwa kwa sababu ya mwanamke, au pombe, au aibu tu. Kukosekana kwenye lori si kuwepo kwenye ngazi.

Alimkuta mkamwana amekaa ukingoni mwa kitanda cha mahabusu, mgongo umenyooka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mshonaji, mjane wa mtoto pekee wa Fundi Miwani. Mume alipofariki, ndugu zake walimwita arudi kwao. Alibaki kwa sababu mzee, aliyewatengenezea watu macho maisha yake yote, alikuwa anapoteza yake mwenyewe. Ugomvi wa Ijumaa, alishaeleza, ulitokana na matone ya dawa ambayo mzee hakutaka kuwekewa.

Inspekta hakumwambia lolote juu ya lori. Alikaa sakafuni ukutani, akamwomba asimulie alasiri ya Jumamosi kana kwamba hakuna kilichotokea. Asianze na sauti ya mzee, aanze na kazi aliyokuwa akifanya.

Mama alifikiri kidogo. Akasema alikuwa akimenya viazi. Alifunga dirisha kwa ajili ya kelele, kisha joto likamshinda akalifungua. Maji yalikuwa yakitetemeka kwenye sufuria. Halafu muziki ukakatika. Ulikatika ghafla, akasikia kisu chake mwenyewe kikikwaruza kiazi, akacheka peke yake. Ndipo akamsikia baba.

Koplo, aliyesimama mlangoni, aliacha kuandika.

"Mbona hukusema kama muziki ulikatika?" Inspekta aliuliza.

"Hamkuniuliza. Niliambiwa nijibu ninachoulizwa." Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Watu wote wale walikuwa pale barabarani. Nilidhani mnajua."

Inspekta aliliacha hilo lipite, ingawa lilimchoma. Alimwambia kwamba sasa wanajua, na kwamba kwa hiyo wanajua pia kuwa katika nyumba ile, katika dakika zile, neno likisemwa dukani husikika jikoni lote. Mara tatu ameandika kwamba hakushika maneno ya mzee. Hilo haliwezekani.

Mama akainamisha kichwa.

"Nilisema ningeonekana ninasingizia," akasema mwishowe. "Mimi ni mtu wa kuja katika nyumba ile. Yeye ni damu yao. Na alipokufa mume wangu, ni yeye aliyebeba jeneza mbele, mvua inanyesha. Nikasema, labda aliingia akatoka. Labda alikuja mwingine baadaye. Atasema mwenyewe. Nimengoja aseme."

"Mzee alisema nini?"

"Alisema, 'Mjomba, umelowa. Vua viatu.'"

Koplo alilisoma tena neno 'mjomba' daftarini. Fundi Miwani alikuwa na miaka sabini na miwili. Wajomba zake walikuwa makaburini kabla koplo hajazaliwa. Lakini ni nani asiyejua kwamba mjomba na mpwa huitana jina moja, huyu akiita na yule akiitikia? Ulimwenguni kote palikuwa na mtu mmoja tu ambaye mzee angemwita hivyo na kumhimiza avue viatu kama mtoto aliyetoka kucheza mvuani.

Mama alieleza yaliyofuata kwa maneno machache. Hakusikia jibu. Muziki ulirudi papo hapo, sufuria ikaanza kutetemeka tena. Alidhani wanaongea, akawaachia nafasi. Aliongeza viazi viwili kwa ajili ya mgeni.

Saa nane na nusu mchana Inspekta na koplo walikuwa kwenye kibanda cha tiketi cha kivuko. Kilikuwa chumba kidogo cha mbao, dirisha moja likitazama abiria, feni, kalenda, bunda la tiketi kwenye msumari. Mpwa aliwakaribisha kwa heshima. Alikuwa na miaka thelathini na minne, msafi, mwenye tabasamu la kazi. Aliuliza kama wamekuja kwa habari za mazishi. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba hamchukii shemeji yake. Mtu akimuuguza mzee siku zote huchoka, na shetani hana likizo.

Inspekta alimshukuru, akasema amekuja kufunga mambo madogo ili aandike ripoti. Akamwomba arudie mwendo wake wa Jumamosi. Alirudia vizuri, wimbo kwa wimbo.

"Mlipopita mbele ya nyumba ya mjomba wako, ulikuwa wimbo gani?"

"Ule wa mwanamke anayehesabu. Nilitazama juu nikampungia, lakini pazia lilikuwa limefungwa."

"Mlisimama pale?"

"Hapana. Lori halisimami, afande. Ndiyo raha yake."

"Muziki haukukatika?"

"Hata sekunde moja."

Inspekta alimwomba akumbuke vizuri. Akasema anakumbuka kama jana. Koplo akaandika maneno hayo, mpwa akayasoma, akarekebisha herufi moja, akatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya kwake.

Ndipo Inspekta alipomwambia. Hakupandisha sauti. Alimweleza kuhusu chujio la dizeli, simu ya saa kumi na ishirini na moja, lori lililosimama kimya dakika nane chini ya miwani ya bati, na rekodi iliyoungwa katikati. Mpwa alisikiliza akiwa bado na tabasamu, kama mtu aliyesahau kuzima taa. Akasema labda alikuwa ameenda kujisaidia. Inspekta akamuuliza ni dakika nane, katika umati usiopenyeka, bila kuliacha lori hata hatua kumi? Akasema labda alichanganya siku hiyo na gwaride la mwaka jana.

"Ulilowa pale kwenye kona ya zimamoto," Inspekta alisema. "Mjomba wako aliona, pamoja na ubovu wa macho yake. Alikwambia uvue viatu. Jikoni palisikika."

Mpwa akakaa. Kiti kilikuwa kimoja tu, naye ndiye aliyekikalia. Akasema kwamba hakwenda kwa nia mbaya. Alisikia mzee anataka kuiandika nyumba kwa jina la mkamwana. Nyumba ambamo yeye alilelewa tangu ana miaka minne; mama yake alifia katika chumba cha katikati. Alitaka tu asikie kwa kinywa chake. Mzee alikiri bila kuficha. Alimwambia wewe una miguu, yeye ana nini? Naye akamshika, amtikise aelewe, na mgongoni mwa mzee mlango wa stoo ulikuwa wazi. Alikuja kwa vichochoro vya nyuma, na ukimya wa barabarani akaudhani ni nafasi kati ya lori na lori. Jioni, akiwa chumbani kwake, aliitafuta rekodi akaisikiliza mpaka akaikariri.

"Uliteremka kumtazama?"

"Niliteremka. Alikuwa ameshakufa."

"Ulijuaje?"

"Nilimwekea sikio kifuani. Sikusikia kitu."

Inspekta alimtazama. "Muziki ulikuwa umerudi?"

Nje, mwanamke mwenye kikapu aligonga kioo, akaomba tiketi mbili. Mkono wa mpwa ulikwenda wenyewe kwenye msumari, ukakata mbili, ukazishika bila kuzitoa.

"Ulikuwa umerudi," alisema.

Hema la madaktari wa gwaride lilikuwa hatua mia moja kutoka mlango wa duka. Inspekta alikuwa amezipima mwenyewe Jumapili. Hakumwambia. Koplo alizichukua tiketi mkononi mwake, akampa yule mwanamke, akashusha kipazia cha dirisha.

Jalada lilifika mezani kwa mkuu saa kumi kamili, na jina lililoandikwa juu lilikuwa jingine. Mkuu alilisoma akiwa amesimama. Alisema tu kwamba dereva amrudishe yule mama nyumbani.

Inspekta alikwenda kumfungulia mwenyewe. Alimweleza nani amekiri, kwa maneno machache, na mama akaitikia kwa kichwa. Alitia sahihi kupokea vitu vyake: kitambaa cha kichwa, pete, funguo. Alijifunga kitambaa polepole. Kisha akauliza jambo ambalo Inspekta alikuwa ameomba njia nzima asiliulize.

"Nilipokuwa namenya vile viazi viwili. Alikuwa hai?"

Ripoti ya daktari ilikuwa kwapani mwa Inspekta. Angeweza kusema kwamba daktari hana uhakika.

"Alikuwa hai," alisema.

Mama alisimama pale kaunta, funguo zimemlalia kiganjani. Dereva alipiga honi nje, mara moja, kwa adabu. Hakugeuka. Inspekta akamvutia kiti, akamwambia dereva asubiri, akakaa naye.